Kioo cha Mbele: Historia ya Jicho kutoka Baghdad hadi Mbarara

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro kusini-magharibi mwa Uganda, ni miongoni mwa makazi makongwe zaidi ya aina yake barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda, yakatangazwa rasmi mwaka 1960, na tangu hapo kila vita vya Maziwa Makuu vimeyaongezea watu: Wakongo wa Kivu, Warundi, Wanyarwanda wa awamu nyingine, na Wasomali, Waethiopia na Waeritrea waliotoka mbali zaidi. Uganda haikuwafungia wageni hao ndani ya uzio. Iliwagawia vipande vya ardhi walime, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 ikawapa haki ya kufanya kazi na kutembea. Kwa hiyo mkimbizi wa Nakivale ni mkulima. Anapalilia mahindi yaliyompita urefu, anapura maharage kwa fimbo juani, na makapi yanaruka.

Hapo ndipo jicho linapoumia. Ukingo wa jani la mahindi ukipita juu ya jicho lililo wazi, unakwaruza ngozi angavu iliyo mbele kabisa, ile tusiyoiona tunapotazamana kwa sababu tunaona kupitia kwake. Wataalamu huiita konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mshipa hata mmoja wa damu, maana damu ingeitia wekundu na giza. Oksijeni yake huipata zaidi hewani, kupitia machozi. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba mno zilizopangwa kwa nafasi sawa, na mpango huo ndio unaoiwezesha kupitisha nuru bila kuitawanya.

Konea si dirisha tu. Nuru ikitoka hewani na kuingia kwenye kitu kizito zaidi hupunguza mwendo, na ikiingia kwa mshazari hupinda. Kadiri uso wa kitu hicho ulivyo mviringo, na kadiri pande mbili zinavyotofautiana katika kuipunguza nuru mwendo, ndivyo upindaji unavyozidi. Katika jicho lote, tofauti kubwa kuliko zote ni ile iliyo kati ya hewa na konea. Nguvu ya jicho zima la mtu mzima likiwa limetulia ni takriban dayopta 60 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya kupinda nuru), na kati ya hizo konea peke yake ina kama 43. Lenzi, ambayo watu wengi hudhani ndiyo inayofanya kazi yote, inachangia zilizobaki. Miale hukusanyika kwenye retina, ukuta wa nyuma wa jicho, milimita 24 hivi kutoka mbele. Mtoto akifumbua macho ndani ya maji ya ziwa na kuona ukungu, macho yake hayana kosa: maji yamekaa mahali pa hewa, tofauti imekaribia kufutika, na konea imepoteza karibu nguvu yake yote.

Binadamu ametazama kwa konea tangu alipoanza kutazama. Lakini wasomi waliolichunguza jicho waliipita tu, karne baada ya karne, wakiisifia sehemu nyingine.

Wagiriki wa kale waligawanyika. Euclid na wafuasi wake walisema jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu, na wengine wakasema vitu hutuma sura zao ndani ya jicho. Galen, tabibu wa karne ya 2, alisema kiti cha kuona ni lenzi, na neno lake likashika miaka zaidi ya elfu moja. Huko Baghdad, Hunayn ibn Ishaq, aliyefariki mwaka 873, aliandika makala kumi juu ya jicho zilizokuwa msingi wa utabibu wa macho katika ulimwengu wa Kiarabu. Katika mchoro uliobaki kwenye nakala za kazi yake, lenzi imekaa katikati kabisa ya jicho, kama sultani, na sehemu nyingine zote zimeizunguka ziitumikie. Konea ni mstari tu pembeni.

Miaka hiyo hiyo ya mwisho ya Hunayn, kusini mwa Iraki, watumwa waliojulikana kama Zanj, ambao wengi wao wanaaminika walitokea pwani yetu ya Afrika Mashariki, walikuwa katika uasi wao mkubwa wa mwaka 869 hadi 883 kwenye mabwawa ya chumvi ya karibu na Basra. Nalitaja kwa sababu historia ya elimu na historia ya maumivu mara nyingi zilikuwa na anwani moja, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kulijua hilo. Katika Basra hiyo hiyo, yapata mwaka 965, alizaliwa Ibn al-Haytham.

Alihamia Cairo, na huko, kati ya miaka ya 1011 na 1021 hivi, aliandika Kitab al-Manazir, kitabu kikuu cha kale juu ya nuru na kuona. Hoja zake zilikuwa za mtu anayetazama kabla ya kusema. Ukilikodolea jua macho, jicho linauma. Basi kuna kitu kinachoingia. Ukitazama mwanga mkali kisha ukafumba macho, alama yake inabaki. Basi nuru imefanya kazi ndani. Kila nukta ya kitu chenye mwanga, alisema, hutuma miale pande zote kwa mistari iliyonyooka.

Lakini hapo hapo alikutana na mlima. Kama kila nukta ya mti inatuma miale pande zote, basi kila sehemu ya jicho inapokea miale kutoka kila nukta ya mti. Kwa nini basi hatuoni vurugu tupu? Jibu lake lilikuwa kwamba miale inayohesabika ni ile tu inayoingia wima, bila kupinda. Iliyopinda inadhoofika, na lenzi haitegemei hiyo. Kwake yeye, kiti cha kuona kilibaki kwenye lenzi. Alijua nuru hupinda, alipima jinsi inavyopinda kwenye maji na kioo, lakini ndani ya jicho aliuona upindaji kama tatizo la kuepukwa. Naona huo ndio wakati mzito zaidi katika historia hii yote. Mtu mwenye akili kubwa kuliko waliomtangulia alikuwa na ufunguo mkononi, akautumia kufungua mlango mwingine.

Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini karibu na mwaka 1200 na kikachapishwa Basel mwaka 1572. Katika mji huo huo, mwaka 1583, daktari Felix Platter aliandika kwamba kinachopokea nuru ni retina, na kwamba lenzi ni kioo chake tu. Sultani alianza kushushwa. Mwaka 1600 Fabricius wa Padua aliichora lenzi mahali pake pa kweli, mbele, nyuma kidogo ya mboni.

Aliyemaliza kazi alikuwa Johannes Kepler, mtu ambaye macho yake mwenyewe yalidhoofishwa na ndui utotoni. Mwaka 1604, akiwa Prague, aligeuza swali la Ibn al-Haytham juu chini. Upindaji haukuwa kero. Ndio uliokuwa jibu. Miale inayotoka kwenye nukta moja inatawanyika na kuijaza mboni yote, kisha konea na lenzi vinaipinda kila mmoja kwa kiasi chake mpaka yote inakutana tena kwenye nukta moja ya retina. Kila nukta ya nje inapata nukta yake ndani. Gharama yake ni kwamba picha inaanguka juu chini, kulia kushoto, jambo ambalo wengi kabla yake walilikataa kwa kuona aibu kulikubali. Kepler alilikubali, akawaachia wengine swali la jinsi nafsi inavyoinyoosha.

Konea yenyewe ilipimwa mara ya kwanza na padri Mjesuiti, Christoph Scheiner, katika kitabu chake cha mwaka 1619. Alichukua gololi za kioo za ukubwa mbalimbali, akaziweka karibu na jicho la mtu aliyetazama dirisha, na kulinganisha taswira ya dirisha kwenye gololi na ile iliyomulika kwenye konea. Gololi iliyotoa taswira ya ukubwa sawa ndiyo iliyokuwa na mviringo sawa na konea. Mashine za leo za kupima konea hospitalini zinafuata wazo hilo hilo: mulika, kisha soma mmuliko.

Baada ya hapo likabaki swali la karibu na mbali. Jicho linahamaje kutoka mlima wa mbali hadi uzi wa sindano bila kubadilishwa kioo? Wengine walisema konea inajikunja, wengine jicho zima linarefuka. Thomas Young, Mwingereza wa miaka 27, alilijibu mwaka 1800 kwa jaribio ambalo bado linanistaajabisha kwa usafi wake. Alijaza maji kwenye kikopo kidogo chenye lenzi ya kioo, akakibana kwenye jicho lake. Maji yakaifuta nguvu ya konea, na ile lenzi ya kioo ikachukua nafasi yake. Bado aliweza kuhama kutoka mbali hadi karibu. Konea basi haikuhusika. Ilikuwa na nguvu nyingi lakini nguvu isiyobadilika. Kinachobadilika ni lenzi.

Hermann von Helmholtz alieleza namna yake mwaka 1855. Lenzi imening'inizwa kwa nyuzi kwenye msuli ulioizunguka. Tunapotazama mbali, msuli umelegea, duara lake ni pana, nyuzi zimekaza na lenzi imevutwa ikawa bapa. Tunapotazama karibu, msuli unajikaza na duara linapungua. Nyuzi zinalegea, na lenzi, kwa unyumbufu wake yenyewe, inavimba na kupinda nuru zaidi. Lakini lenzi huongeza tabaka maisha yote na kuwa ngumu. Mtoto ana zaidi ya dayopta 10 za kuchezea. Akifika miaka 45 zimebaki chache, na kwenye 60 karibu zimekwisha.

Katika soko la Base Camp au la Kabazana, huko Nakivale, habari hii ina sura ya fundi cherehani mwenye miaka hamsini anayeinyoosha mikono apate kuiona sindano, mpaka mikono inakuwa mifupi. Hana ugonjwa, ni umri. Jaribio lililofanyika Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, liliwapa miwani wachuma chai wa miaka 40 na kuendelea, watu wa kazi kama ile inayofanyika Bushenyi, magharibi ya Mbarara, mji mkubwa wa karibu na Nakivale. Waliopewa miwani waliwapita wenzao kwa ongezeko la chai iliyochumwa, tofauti ya karibu asilimia 22. Miwani ya kusomea imejulikana Italia tangu miaka ya 1280. Kwamba fundi wa leo aache kazi kwa kukosa vioo viwili vya teknolojia ya zamani hivyo, hilo mimi siwezi kulivumilia.

Helmholtz aliacha kitu kingine kilichookoa macho mengi. Mwaka 1851 alichapisha maelezo ya kifaa kinachomwezesha daktari kutuma nuru kupitia mboni na kuiona ikirudi kutoka kwenye retina. Kabla ya hapo, mboni ya mtu aliye hai ilikuwa shimo jeusi. Nuru inayorudi kwa kawaida ni nyekundu. Ikirudi nyeupe kwenye jicho la mtoto, hasa inapoonekana kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa kamera, kuna uwezekano wa retinoblastoma, saratani ya retina inayoua isipotibiwa. Mbarara ni mahali mashuhuri katika vita dhidi ya saratani hiyo. Kituo cha Macho cha Ruharo, katika hospitali ya Kanisa la Uganda, Dayosisi ya Ankole, kilianza kutumia dawa za kemo kwa watoto hao mwaka 2009, kazi iliyoongozwa na Keith Waddell, daktari wa macho kutoka Uingereza aliyeishi na kutibu Uganda kwa miongo mingi. Mzazi anayeona weupe kwenye mboni ya mwanawe asingoje.

Lenzi ikipata ukungu, ndio mtoto wa jicho. Karne ya 18 Wafaransa walithibitisha kwamba ukungu huo uko ndani ya lenzi yenyewe, na Jacques Daviel akaanza kuitoa mwaka 1747. Aliyetolewa lenzi alipata mwanga lakini akabaki na upungufu wa nguvu, na miwani mizito kama kitako cha chupa. Mwingereza Harold Ridley, ambaye wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa Gold Coast, Ghana ya leo, akichunguza upofu wa mtoni, alikuwa amewaona marubani wenye vipande vya plastiki ya ndege vilivyoingia jichoni na kukaa bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, London, aliweka lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa. Lakini ilipinda nuru kupita kiasi: mgonjwa alitoka akiwa na kama dayopta 18 za kuona karibu tu. Ridley alikuwa ameiga umbo la lenzi ya asili, na plastiki, ikiwa imezungukwa na maji ya jicho, hupinda zaidi kuliko nyama ya lenzi. Hesabu ikarekebishwa.

Kilichobaki ni bei. Kwa miaka mingi lenzi hizo zilikuwa za matajiri. Daktari Fred Hollows wa Australia alifika Eritrea mwaka 1987, katikati ya vita vya ukombozi, akaona madaktari wakipasua watu mapangoni na kwenye mahandaki, na akaamua kwamba lenzi zitengenezwe na Waeritrea wenyewe. Alifariki mwaka 1993. Kiwanda cha Asmara kilifunguliwa mwaka uliofuata. India ilikuwa imeanza cha Madurai mwaka 1992. Bei ikashuka kutoka zaidi ya dola mia hadi dola chache. Kila mzee anayefunguliwa bandeji ya mtoto wa jicho Afrika Mashariki leo ana deni kwa mafundi hao wa Asmara na Madurai, ambao majina yao hayako vitabuni.

Hivyo lenzi imepata kiwanda chake. Konea bado. Mwaka 1905, mji wa Olomouc, daktari Eduard Zirm alimshonea kibarua aliyeungua na chokaa konea ya mtoto aliyeondolewa jicho, na ikashika. Ni upandikizaji wa kwanza wa konea ya binadamu uliofaulu. Lakini konea hupatikana kwa watu waliokufa, kwa ridhaa na kwa benki za macho, na utafiti wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulikadiria kwamba kwa kila wagonjwa 70 wanaohitaji, inapatikana konea moja. Kwa mkulima wa Isingiro, hesabu hiyo maana yake ni moja: konea aliyozaliwa nayo ndiyo ya kulindwa.

Nalo jambo hili limechunguzwa Mbarara kwa makini kuliko mahali pengi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kimelea kizazi cha madaktari wa macho wa nyumbani. Mmoja wao, Simon Arunga, pamoja na wenzake akiwemo Matthew Burton wa London, waliwafuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea waliofika Ruharo na kituo cha macho cha chuo hicho kati ya Desemba 2016 na Machi 2018. Zaidi ya nusu walikuwa na kuvu, vijidudu vinavyoishi kwenye mimea na udongo. Kama asilimia 60 walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni. Na nusu yao walifika baada ya siku 17 au zaidi.

Siku 17 kwa konea ni nyingi mno. Kuvu hula zile nyuzi zilizopangwa, na kidonda kikipona, mwili unajaza pengo kwa nyuzi zisizo na mpango. Kovu hilo ni jeupe: haliipindi nuru, linaitawanya. Retina iliyo nyuma inaweza kuwa nzima kabisa, na lenzi safi, na mtu asione mkono wake.

Simlaumu aliyekamulia majani kwenye jicho la mwanawe. Kutoka Rubondo au Juru, kanda za Nakivale, hadi Mbarara ni mwendo wa kilomita zaidi ya hamsini. Kuna nauli ya boda na ya gari, kuna siku ya kazi inayopotea, kuna watoto wa kuachiwa jirani. Lakini mmea uliosagwa unaweza kuingiza vijidudu zaidi pale pale penye kidonda, na matone ya dukani yenye steroidi ni mabaya vilevile, kwani yanatuliza wekundu huku yakiacha kuvu istawi. Dawa yake ipo. Natamisini, matone ya kuua kuvu, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017, wakati wagonjwa wale 313 walipokuwa bado wanaandikishwa.

Na kukitambua kidonda hakuhitaji mashine. Karatasi ndogo yenye rangi ya fluoresini inaloweshwa na kuguswa ndani ya kope la chini, mgonjwa anapepesa, tochi ya mwanga wa buluu inawashwa. Konea iliyo nzima inabaki kimya, na palipochunika panang'aa kijani. Mhudumu yeyote wa kituo cha afya cha makazi anaweza kufundishwa hilo kwa asubuhi moja. Akiuona ung'avu huo kwenye jicho la mtu aliyetoka shambani, hana haja ya kumpa matone ya kubahatisha wala kumwambia arudi wiki ijayo. Amwandikie rufaa ya Mbarara siku hiyo hiyo, na gari la wagonjwa, likiwa linakwenda, limchukue.